Mhunzi wa Meru na Embu na Vyombo Vyake

Mwaka mmoja niliwauliza wanafunzi wangu swali nililolidhani jepesi. Shoka la kwanza lililokata mti katika shamba la babu zenu lilitoka wapi? Wengi walijibu, "Dukani." Mmoja alisema, "Kwa Wahindi," na mwingine, "Kwa wamisionari." Hakuna hata mmoja aliyesema kuwa lilitoka mtoni. Nami nilipowaambia hivyo darasa zima lilicheka, maana walidhani mwalimu anatania. Sikuwa nikitania, msomaji mpenzi, na hadithi ya shoka hilo ndiyo nitakayo kukueleza.

Wewe uliyezaliwa kando ya Mlima Kenya, iwe ni Embu, Mbeere, Chuka, Tharaka, Mwimbi, Imenti, Tigania au Igembe, umekwisha kuona mchanga mweusi unaong'aa katika vijito baada ya mvua kubwa. Mchanga ule ni mzito kuliko mwingine, na kwa hiyo maji huuacha nyuma yanapouchukua ule mwepesi. Ukileta sumaku karibu yake, utaona chembe zinaruka na kushika. Ndani yake mna chuma. Wazee wetu hawakuwa na sumaku, lakini walijua uzito na rangi. Waliuosha mchanga kama vile mama aoshavyo nafaka, wakaumwaga uliokuwa hafifu, wakauanika uliobaki, wakaubeba mpaka kwenye tanuri. Jomo Kenyatta ameieleza kazi ya namna hiyo katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotoka mwaka 1938, na kabla yake Routledge na mkewe walikuwa wameiona kwa macho yao katika nchi ya Wakikuyu na kuiandika katika kitabu cha mwaka 1910. Majirani zao wa upande wa mashariki walikuwa na ustadi uo huo.

Tanuri lilikuwa shimo lililokandikwa udongo, nalo lilijazwa makaa ya miti migumu na mchanga ule tabaka kwa tabaka. Hapa yafaa utulie kidogo, maana wengi hukosea. Hudhani ya kwamba mhunzi wa kale aliyeyusha chuma kikawa kama uji. La. Chuma safi huyeyuka katika joto la nyuzi 1538 za sentigredi, na tanuri la udongo la aina ile halifiki huko. Hufika kiasi cha 1200 tu. Kilichotendeka ni kingine. Mchanga mweusi ni chuma kilichoshikamana na oksijeni, na moshi wa makaa yanayoungua katika hewa haba huipokonya chuma oksijeni hiyo. Takataka za mchanga huyeyuka na kutiririka, nazo ndizo tuitazo mavi ya chuma. Chuma chenyewe hubaki bonge gumu lenye matundu mengi kama sifongo. Bonge hilo hutolewa, hutiwa moto tena na tena, na kupigwa nyundo mpaka takataka nyingi zilizojificha ndani zimetoka. Ukiwa na mwalimu wa kemia mwenye subira, mwombe akueleze habari hii kwa hesabu zake, naye atakuambia kuwa wahunzi wa Mbeere walikuwa wakifanya kazi ya maabara yake karne nyingi kabla maabara haijajengwa.

Lakini makaa peke yake hayatoshi. Moto wa kawaida hauwezi kufika joto hilo pasipo upepo, na upepo ulitoka katika mivukuto. Nayo mivukuto ilikuwa ngozi mbili za mbuzi, zilizoshonwa mfano wa pia, nchani zikiwa zimetiwa mirija iliyoelekea motoni. Mtu mmoja aliketi katikati, mkono huu ukifungua na huo ukigandamiza, kwa zamu, hata upepo usikatike kamwe. Kijana aliyejifunza uhunzi alianza hapo, akivukuta kutwa, moshi machoni, kabla hajaruhusiwa kushika nyundo. Nadhani wengi waliacha kazi mahali hapo. Mimi ningaliacha.

Mhunzi, ambaye kwa lugha za nchi hizi huitwa muturi, alikuwa na vyombo vichache. Fuawe yake ilikuwa jiwe gumu. Nyundo yake ilikuwa kipande kizito cha chuma kisicho na mpini, kilichoshikwa kwa mkono kama mchi. Alikuwa na koleo la kushikia chuma cha moto, na vyuma vidogo vya kukatia na kutobolea. Nani alimpa vyombo hivi? Mawe aliyaokota, na ngozi aliishona. Lakini nyundo na koleo alijifulia mwenyewe, kwa kutumia nyundo ya mwalimu wake, nayo ilifuliwa kwa nyundo ya mwalimu wa mwalimu wake. Kwa hiyo kila nyundo ilikuwa na nasaba kama mtu. Na kwa kuwa ilikuwa hivyo, watu waliiogopa. Laana ya mhunzi ilikuwa kati ya laana zilizohofiwa kupita zote katika nchi za Mlima Kenya. Mwizi aliyejua kuwa mhunzi atapiga chuma na kutaja kosa lake alirudisha mali kabla jua halijachwa. Sikuambii uiamini laana hiyo. Nakuambia tu kwamba watu hawaogopi kazi wanayoidharau.

Miongoni mwa vyombo vya mhunzi kimoja kilikuwa kidogo sana, na wengi walioandika habari zake wamekipita upesi. Mimi nataka kukikawilia. Kilikuwa kipande cha chuma chenye tundu, au matundu ya ukubwa mbalimbali. Mhunzi alikuwa akifua ufito mwembamba wa chuma, akauchonga ncha, akaupitisha katika tundu, kisha akaushika kwa koleo na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Ufito ulipotokea upande wa pili ulikuwa waya. Akaurudisha motoni ulainike, akauvuta tena katika tundu dogo zaidi. Mwisho wake alipata waya mwembamba wa kufanyia mikufu na herini, na waya huo ulikuwa na unene mmoja toka mwanzo hata mwisho.

Fikiri jambo hilo. Anapofua upanga, mhunzi hutegemea jicho na mkono wake; upanga wa leo haufanani kabisa na wa jana. Lakini waya wa leo ni sawa na wa jana, hata kama mvutaji ni mwanafunzi mwenye mkono unaotetemeka, kwa sababu kipimo hakikai mkononi mwake bali katika tundu. Ustadi umehama, umetoka katika mkono, umeingia katika chombo. Na hiyo ndiyo maana hasa ya mashine ya kutengenezea mashine, ambayo nchi za viwanda zinajivunia mpaka leo.

Sasa twende Uingereza kwa kitambo kidogo. Katika mwaka 1771 alizaliwa Woolwich mtoto aitwaye Henry Maudslay. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza kazi katika ghala la silaha, akijaza baruti katika risasi. Baadaye akahamia kwa wahunzi, akawa fundi hodari. Watu wa Ulaya, kama Waswahili wa pwani yetu, walikuwa na kerezo tangu zamani, yaani chombo cha kuzungusha mti huku mkerezaji akiuchonga kwa patasi. Katika kerezo hilo patasi ilishikwa mkononi, na kazi ikafuata ustadi wa mkono. Maudslay aliifunga patasi katika kishikio cha chuma kinachotelezea juu ya njia iliyonyoka, akakiendesha kwa parafujo. Ilipofika mwaka 1800 alikuwa na kerezo lililoweza kukata parafujo za chuma zinazolingana kabisa. Kwa parafujo hizo watu walitengeneza makerezo mengine bora kuliko la kwanza, na haya yakatoa mengine bora zaidi. Kabla yake John Wilkinson alikuwa ametengeneza mashine ya kutoboa mizinga, ambayo hati yake aliipata mwaka 1774. Na bila ya mashine ya namna hiyo James Watt asingalipata mtungi wa duara kamili kwa injini yake ya mvuke. Kumbuka mashine hiyo ya kutoboa mizinga. Tutairudia, na hatutairudia kwa furaha.

Basi kwa nini bamba la waya la Mlima Kenya halikuzaa kerezo la Maudslay? Wako wasemao kuwa wazee wetu hawakuwa na akili ya kuendelea mbele. Jawabu hilo ni la uvivu. Maudslay alikuwa na makaa ya mawe, alikuwa na chuma cha kununua kwa tani, na alikuwa na serikali iliyokuwa vitani ikihitaji vifaa vya merikebu kwa maelfu. Muturi alihitajiwa na kijiji kimoja kutengeneza mapanga, mikuki, mashoka na mikufu, na chuma chake kilitoka katika kikapu cha mchanga. Mtu hubuni mashine ya kutengeneza vitu elfu pale watu elfu wanapovitaka.

Kisha mlango ukafungwa kabla hata swali hilo halijapata kujibiwa. Tangu karne ya 19 misafara ya biashara ilileta masango na udodi, yaani waya mnene na mwembamba uliofanywa katika viwanda vya mbali. Bamba la mhunzi likaanza kukaa bure. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Thika mwaka 1913. Waingereza waliweka boma Embu mwaka 1906 baada ya kuipiga nchi kwa silaha, na Meru mwaka 1908. Nyuma ya boma yalikuja maduka, na katika maduka yalikuwamo majembe na mapanga ya bei ndogo. Nani angekaa mtoni siku nyingi akiosha mchanga, akate miti ya makaa, avukute usiku na mchana, ili apate bonge ambalo thamani yake imekwisha kushushwa na sanduku moja kutoka Birmingham? Tanuri zikazimwa moja moja. Hakuna sheria iliyozizima. Ni bei.

Uyeyushaji ulikufa, bali ufuaji haukufa, na tofauti hii ni kubwa. Mhunzi aliacha mchanga akageukia vyuma chakavu. Springi ya lori ikawa panga au jembe, kwa kuwa chuma chake ni kigumu na hushika makali. Ekseli ikawa nyundo. Kipande cha reli kikawa fuawe bora kuliko jiwe lolote. Yule aliyekuwa akianzia mtoni sasa alianzia katika gari lililokufa, lakini moto ulikuwa ule ule na mivukuto ile ile.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Vijana wa Embu na Meru waliingia katika msitu wa Mlima Kenya pamoja na wenzao Wakikuyu. Kiongozi wao katika mlima alikuwa Waruhiu Itote, aitwaye Jenerali China, aliyekuwa amepigana Burma katika jeshi la Mfalme. Meru ilimtoa Musa Mwariama na Baimungi Marete. Embu ilimtoa Kubu Kubu. Walikuwa na moyo, lakini hawakuwa na bunduki za kutosha. Hapo ndipo mhunzi aliitwa tena.

Bunduki za msituni zilitengenezwa hivi. Mtutu ulikuwa bomba la maji. Kitako kilichongwa kwa mti. Chuma cha kugonga risasi kilikuwa komeo la mlango au msumari mnene uliochongwa ncha kwa tupa, na kilichokirusha mbele hakikuwa springi, bali ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu ya gari. Mpiganaji alivuta komeo nyuma, akalizuia, akalenga, akaliachia. Karari Njama na Itote, wote wawili waliokuwamo msituni, wameandika habari za bunduki hizi katika vitabu vyao vya miaka ya 1960. Baadhi yake ziko London katika jumba la makumbusho ya vita, na mgeni anayezitazama huweza kutabasamu.

Asitabasamu. Risasi ya bunduki ya jeshi la wakati ule inapolipuka hutoa mgandamizo unaopita ratili 40,000 kwa kila inchi moja ya mraba. Bomba la maji limekusudiwa kuchukua maji, na aghalabu lina mshono toka mwisho hata mwisho pale chuma kilipokunjwa na kuungwa. Mshono huo ukiachia, hupasuka karibu na shavu la mwenye bunduki. Na hata ulipostahimili, tundu la bomba halikulingana na risasi, wala halikuwa na mifuo ya ndani inayoifanya risasi izunguke na kwenda sawa. Mpiganaji hakuweza kulenga mbali. Ilimpasa amkaribie adui aliyekuwa na bunduki ya kiwandani. Sasa waona kwa nini nilikuambia uikumbuke mashine ya Wilkinson. Wahunzi wa msituni hawakukosa akili wala mikono. Walikosa chombo kimoja tu, chombo cha kutoboa chuma kigumu tundu lililonyoka, na kwa kukosa chombo hicho vijana walipoteza vidole, macho na maisha.

Wala mtengenezaji hakuwa salama kuliko mtumiaji. Kupatikana na bunduki au risasi bila ruhusa kulikuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi mwenyewe alihukumiwa kwa kosa la bastola, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliuzunguka mji wa Nairobi, wakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa makumi ya maelfu, ili kukata njia ya risasi na ya watu kuelekea msituni. Operesheni hiyo waliipa jina la Anvil, maana yake fuawe. Sijui kama aliyelichagua jina hilo alijua kwamba kule msituni fuawe halisi zilikuwa zikilia.

Mwariama alitoka msituni mwezi Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru. Ungetazamia kwamba baada ya hapo mhunzi angeheshimiwa. Haikuwa hivyo. Kila mzazi alitaka mwanawe apate cheti na kiti cha ofisini, na shule zetu zilifundisha kana kwamba mikono ni ya kushikia kalamu tu. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza vijana watokao shule ya msingi waende wapi, na kutokana na taarifa hiyo vikaanzishwa vyuo vya ufundi vijijini. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliandika kwamba mafundi wadogo wa Kenya, ambao serikali ilikuwa ikiwafukuza mabarabarani, ndio waliokuwa wakiwapa watu kazi. Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985, na baada ya hapo mabanda yakajengwa. Jina lao la jua kali, walilolipata kwa kufanya kazi pasipo paa, likaingia hata katika nyaraka za serikali.

Nenda basi mjini Meru au Embu, uwatazame. Utaona mkasi mkubwa wa kukatia mabati, makali yake yakiwa springi ya lori. Utaona mashine ya kukunjia mabati iliyoungwa kwa vipande vya chuma cha pembe. Utaona mashine ya kulehemu ambayo fundi ameizungushia waya za shaba mwenyewe. Utaona mashine za kukatia majani ya ng'ombe, ambazo wafugaji wa milimani hawawezi kuishi bila hizo. Na ukimpata mhunzi anayefua chuma, huenda usione mivukuto ya ngozi hata kidogo. Utaona gurudumu la baiskeli, na ukanda unaotoka katika gurudumu hilo kuzungusha feni ndogo ndani ya kikebe. Mtoto mmoja hulizungusha kwa mkono mmoja, akila muhindi kwa mkono wa pili. Kazi iliyomtoa machozi kijana wa zamani imekuwa mchezo, na hakuna kiwanda cha ng'ambo kilicholeta chombo hicho. Kimetoka hapa hapa, katika baiskeli iliyokufa.

Niliwahi kumwuliza mzee mmoja wa kazi hiyo, "Mzee, nyundo hii uliinunua wapi?"

Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "ilikuwa ekseli ya lori. Niliifua kwa ile pale." Akanionyesha nyundo nyingine ukutani, ya zamani zaidi, iliyolika upande mmoja.

"Na ile?"

"Ile ni ya baba."

Kisha alichukua kijiti cha chuma cha mashine ya majani, kilichokwisha kulika mwishoni, akakifunga katika gazeti. Nilimwuliza akipeleka wapi. Alisema anakwenda mjini kwa mwenye kerezo la chuma, maana kijiti hicho chataka duara kamili, na duara kamili halipatikani kwa nyundo. Angelipa, angengoja zamu, na angerudi kesho. Nikamwuliza kama amewahi kufikiri kujitengenezea kerezo lake. Akasimama mlangoni, gazeti kwapani, akaanza kunihesabia kwa vidole: boriti mbili za chuma zilizonyoka anazo, mota ya pampu ya maji anajua itakakopatikana, beringi za lori ziko nyingi. Kilichobaki, akasema, ni parafujo moja ndefu isiyo na kasoro, na hiyo hukatwa kwa kerezo.

Akaenda zake kuwahi matatu.